Zawadi za Kila Mwaka na Riwaya za Ajabu

Kaskazini ya Ilemela, mbele ya fukwe za Igombe na Kayenze, kiko Ukerewe, kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria. Kisiwa hicho kimeipa fasihi ya Kiswahili waandishi wawili ambao kazi zao hazifanani. Wa kwanza ni Aniceti Kitereza (1896–1981), aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha akaifasiri kazi hiyo mwenyewe kwa Kiswahili, ikapigwa chapa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Wa pili ni Euphrase Kezilahabi (1944–2020), aliyeanza kwa riwaya za maisha ya kila siku, kama Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), akafika katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu viwili vyembamba ambamo wafu husema, wakati hujikunja, na msafiri hupita katika dunia iliyokwisha kuteketea.

Kitereza aliandika ili kila chombo cha nyumbani, kila dawa na kila adabu ya ukwe ijulikane ilivyokuwa. Kezilahabi, katika vitabu hivyo viwili, aliandika kana kwamba hakuna kitu ambacho mtu aweza kukijua kilivyo. Wahakiki wamevizungumza sana vitabu hivi kwa upande wa falsafa. Jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha ni la kawaida zaidi, nalo lahusu meza ya waamuzi. Kama miswada ya watu hawa wawili ingaliletwa mwaka mmoja mbele ya kamati moja ya zawadi, kamati hiyo ingaliipima kwa kipimo gani? Na kama ingalikuwako zawadi ya peke yake kwa riwaya za ajabu, je, Nagona ingalinufaika, au ingalitengwa na wenzake?

Yafaa kwanza maneno yawekwe wazi. Kwa «riwaya ya ajabu» hapa yakusudiwa riwaya ambayo tukio lake la msingi haliwezi kutokea katika dunia ijulikanayo, na msomaji hutakiwa kulikubali tukio hilo pasipo kuambiwa mwishoni kuwa lilikuwa ndoto. Kwa «riwaya ya kisayansi» yakusudiwa ile ambayo tukio lake lategemea elimu au chombo ambacho hakijapatikana, nalo lasimuliwa kana kwamba laweza kupatikana. Mpaka baina ya aina hizi mbili si ukuta. Mzingile ina maangamizi yanayokumbusha silaha za karne ya ishirini, na papo hapo ina simulizi la mtu wa ajabu, Kakulu, ambalo lingeweza kusimuliwa jioni yoyote kando ya moto. Msomaji hawezi kukikata kitabu hicho vipande viwili.

Katika nchi za ng'ambo zawadi za riwaya za namna hii ni nyingi, na historia yake yafaa kujulikana kabla ya kuigwa. Zawadi ya Hugo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1953 katika mkutano uliofanyika Philadelphia, Marekani, ikawa ya kila mwaka tangu 1955. Zawadi ya Nebula ilianza 1966, nayo riwaya ya Frank Herbert, Dune, ni miongoni mwa zilizoshinda mwaka huo. World Fantasy Award ilianza 1975. Huko Uingereza, zawadi yenye jina la Arthur C. Clarke ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1987, ikamwendea Margaret Atwood wa Kanada kwa The Handmaid's Tale. Katika Afrika, Chama cha African Speculative Fiction Society kiliundwa mwaka 2016, nacho kikatoa zawadi zake za kwanza mwaka 2017 kwa jina la Nommo, jina la viumbe wa asili katika masimulizi ya Wadogon wa Mali. Riwaya iliyoshinda mwaka huo ni Rosewater ya Tade Thompson, ambayo mwaka 2019 ilipata pia zawadi ya Clarke.

Zawadi hizi hazihukumu kwa njia moja. Hugo huamuliwa kwa kura za wanachama wa mkutano, yaani wasomaji waliolipa ada yao. Nebula huamuliwa na waandishi wenyewe katika chama chao. Clarke na World Fantasy huamuliwa na kamati ndogo ya waamuzi. Kila njia huzaa matokeo ya aina yake. Kura ya wasomaji huonyesha kitabu kilichopendwa, kura ya waandishi huonyesha kitabu kilichowatia wenzao wivu, na kamati huonyesha kitabu kilichostahimili kubishaniwa na watu watano au sita waliokisoma mpaka mwisho. Hakuna njia iliyo safi. Hata hivyo, kura ya wasomaji haikuwa ya kuwapendelea watu wa aina moja daima: N. K. Jemisin, mwanamke Mmarekani mweusi, alipewa Hugo ya riwaya miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018. Na mwaka 2015 Hugo ilikwenda kwa Liu Cixin wa Uchina, kwa kitabu kilichofasiriwa kutoka Kichina. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza riwaya iliyofasiriwa kuipata zawadi hiyo.

Habari ya Uchina yastahili kuzingatiwa na mtu yeyote anayetaka kuianzisha zawadi kama hiyo katika Kiswahili. Ushindi wa 2015 haukuanza na zawadi. Katika mji wa Chengdu kulikuwa na gazeti la hadithi za kisayansi lililoanzishwa mwaka 1979. Zawadi ya Kichina iliyofungamana nalo, iitwayo Yinhe, ilifuata mwaka 1986. Na riwaya ya Liu Cixin ilitoka kwanza mfululizo katika gazeti hilo mwaka 2006. Marekani nako ilikuwa vivyo hivyo. Hugo Gernsback, ambaye jina lake limepewa zawadi ya 1953, aliheshimiwa kwa kuwa alianzisha gazeti la hadithi za namna hii mwaka 1926. Kwa hiyo kati ya gazeti na zawadi ilipita miaka 27 huko Marekani na miaka 7 huko Uchina. Gazeti lilitangulia, zawadi ikafuata. Methali husema chanda chema huvikwa pete, na maana yake ya wazi ni kuwa chanda huonekana kwanza, ndipo pete inunuliwe.

Je, chanda cha Kiswahili kimeonekana? Hapana budi kujibu kuwa kimeonekana zamani, tena mahali ambapo hakikutarajiwa. Mara nyingi hudhaniwa kuwa riwaya ya Kiswahili ilianza kwa mambo ya kweli, kisha ikayajia maajabu katika miaka ya 1990 kwa kuwaiga wageni. Mpangilio wa vitabu wenyewe wapinga dhana hiyo. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1951, ina nchi inayoelea angani, na wajumbe sita wanaotumwa pande zote, juu na chini, wakirudi wanafungwa. Adili na Nduguze, ya 1952, ina manyani wawili wanaopigwa kila usiku na mtu aliye ndugu yao. Kufikirika, iliyotungwa mapema zaidi ingawa ilichapishwa 1967, imewekwa katika nchi isiyo na mahali katika ramani. Na nyuma ya vitabu hivi ziko tendi za kale kama ule wa Ras'l Ghuli, na tafsiri ya Kiswahili ya Alfu Lela Ulela. Riwaya ya Kiswahili, kwa hiyo, ilizaliwa angani, ikateremka mijini na mashambani baadaye.

Wataalamu wa lugha watapenda kuangalia jinsi milango ya nchi hizo ilivyotengenezwa. Shaaban Robert hakuyatafuta majina ya kigeni. Alichukua vitenzi «sadiki» na «fikiri», akavipa kiambishi cha kutendeka, na papo hapo akapata nchi mbili: ile iwezayo kusadikiwa na ile iwezayo kufikiriwa. Sarufi yenyewe ilifanya kazi ya safari. Katama Mkangi alifanya jambo la jamaa moja katika Walenisi (1995), ambalo ni neno lililounganishwa kutokana na sentensi nzima, «wale ni sisi». Kezilahabi naye alichukua neno la mchezo na la fumbo, mzingile, akaligeuza kuwa hali ya ulimwengu. Haya ni maarifa ya utunzi yaliyomo katika Kiswahili chenyewe, wala hayakuhitaji kukopwa.

Zawadi nazo si jambo jipya katika Afrika Mashariki. East African Literature Bureau iliendesha mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili mwaka 1957/58, na aliyeshinda ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1960. Kitabu hicho ni ushahidi mzuri katika mjadala huu, kwa sababu jina lake laahidi jambo ambalo hadithi yake hulikana. Jina husema mzimu, hadithi husema mtu. Maiti huonekana mzimuni, watu hukumbuka hofu zao za kale, kisha Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, huonyesha kuwa mkono uliotenda ni wa binadamu mwenye tamaa zake. Maajabu yameitwa ili yafukuzwe. Utunzi huo ni wa ustadi, na haki yake ya kushinda haina shaka. Lakini yafaa kukumbuka kuwa kitabu hiki maarufu chenye neno «mzimu» juu ya jalada lake, kilichovikwa pete na waamuzi, ni kitabu kinachofundisha kuwa mzimu haupo. Fauka ya hayo, zawadi hiyo ilizaa: Bwana Msa aliendelea kuchunguza katika Kisima cha Giningi (1968) na vitabu vingine hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Hapo ndipo nguvu ya zawadi huonekana. Haimwiti mwandishi mmoja tu, bali hufungua njia, na njia hiyo huwa na upande wake.

Katika miaka ya karibu zimekuwako zawadi mbili kubwa ambazo mwandishi wa Ilemela angeweza kuzielekea. Ya kwanza ni ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell. Miongoni mwa waliopewa ni Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu (2015), Ali Hilal Ali kwa Mmeza Fupa (2017) na Zainab Alwi Baharoon kwa Mungu Hakopeshwi (2018). Ya pili ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo Taasisi ya Elimu Tanzania iliizindua mwaka 2022, na washindi wake wa kwanza wakatangazwa Aprili 2023. Zawadi hizi zimegawanywa kwa umbo la kazi, riwaya upande mmoja na ushairi upande mwingine, wala si kwa jambo linalosimuliwa. Kwa hiyo riwaya ya ajabu haikufukuzwa mlangoni. Imeachwa isimame katika safu moja na riwaya ya ndoa, ya siasa na ya upelelezi, ipimwe na waamuzi wale wale.

Wakati huo huo, bahari ya Waswahili imepata zawadi ya ajabu kwa lugha nyingine. Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa aliandika kwa Kiingereza riwaya The House of Rust, iliyotoka mwaka 2021, ambamo msichana Aisha hupanda chombo cha mifupa na kuifuata bahari pamoja na paka msomi, ili amtafute baba yake mvuvi aliyepotea. Mwaka 2022 kitabu hicho kilipewa zawadi ya kwanza ya Ursula K. Le Guin, yenye dola 25,000. Hapana sababu ya kumlaumu mwandishi kwa lugha aliyoichagua, maana lugha ya kuandikia ni haki ya mwenye kuandika. Lililo la kufikiriwa ni jingine. Paka asemaye, papa wa kutisha, bibi mwenye maonyo, vyote hivyo ni mali ya baraza za Mombasa. Na waamuzi walioviona kuwa vyastahili pete walikuwa ng'ambo. Binti, jina la kitabu cha Nnedi Okorafor kilichopata Hugo na Nebula mwaka 2016, ni neno ambalo kila mtoto wa pwani hulijua. Neno limevuka bahari likapata heshima, na nyumbani kwao hakuna meza iliyoandaliwa kulipokea.

Kutokana na hayo, watu wengi watasema dawa ni kuianzisha zawadi ya kila mwaka ya Kiswahili kwa riwaya za ajabu na za kisayansi. Kabla ya kukubali au kukataa, hapana budi kuuliza waamuzi wake wangepima nini. Vipimo vitatu vyaweza kupendekezwa, na kila kimoja chaweza kujaribiwa juu ya vitabu vilivyopo.

Kipimo cha kwanza ni sheria. Ajabu isiyo na sheria haimtishi mtu wala haimfurahishi, kwa sababu lolote laweza kutokea wakati wowote. Simulizi la Wasukuma la Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we lilijua jambo hili pasipo kufundishwa na mhakiki. Zimwi lilimeza watu wote na mifugo yao. Mwanamke mmoja mjamzito alisalia. Mwanawe akakua, akauliza watu wako wapi, akalitafuta zimwi, akaliua, akalipasua, na watu wakatoka hai. Lakini katika kulipasua alimkata sikio bibi kizee mmoja, na bibi huyo akamkasirikia mwokozi wake. Sikio hilo ndilo sheria ya hadithi: wokovu wote una kisu ndani yake, na aliyeokolewa aweza kuwa na deni la kudai. Ukiliondoa sikio, hadithi hubaki ya watoto. Walenisi, kwa kipimo hiki, ina upungufu. Dzombo hurushwa katika chombo ili afe, naye hufika katika nchi iliyo njema. Lakini chombo chenyewe hakidai kitu kwake, na nchi aifikiayo haina sikio lililokatwa. Wema wake umekamilika mno, na kwa sababu hiyo hoja ya kitabu ni kali kuliko hadithi yake.

Kipimo cha pili ni lugha. Katika riwaya ya maisha ya kawaida neno huelekeza kwenye kitu ambacho msomaji amekwisha kukiona. Katika riwaya ya ajabu neno hulazimika kukiumba kitu hicho. Mwandishi aliyejaza ukurasa wake maneno ya mitambo yaliyoazimwa hakuumba chochote. Amewaonyesha wasomaji sanduku lililofungwa. Hapa Nagona hushinda vitabu vingi, kwa kuwa Kiswahili chake ni chepesi, sentensi zake fupi, na maneno yake ni ya kijijini: mti, mto, njia, mzee, ngoma. Ugumu wa kitabu hicho haumo katika msamiati. Umo katika mambo yaliyowekwa karibu karibu pasipo kiungo. Pia hapo ndipo lawama moja hupata nafasi: majina ya wanafalsafa wa Ulaya yanayopita katika kitabu hicho hayajaumbwa upya kama miti na njia zake zilivyoumbwa, yameletwa yakiwa na mizigo yao kutoka darasani, na msomaji asiyeyajua hana mlango wa kuingilia.

Kipimo cha tatu ni haja. Mwamuzi na aulize: je, jambo hili lingeweza kusemwa pasipo ajabu? Kama jibu ni ndiyo, ajabu ni pambo. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), babu aliyekufa humrudia mjukuu wake, K, mtu aliyeneemeka kwa kuisahau jamii yake. Laiti babu huyo angekuwa mzee hai anayelalamika, K angemfungia mlango, na riwaya ingekwisha katika sura ya pili. Mfu hafungiwi mlango. Haja ya ajabu ni dhahiri. Ziraili na Zirani ya William Mkufya (1999) na Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002) nazo zaweza kuulizwa swali hilo hilo, kila moja kwa namna yake, na mabishano yake yangewafaa waamuzi kuliko hesabu za alama kwa mia.

Haja hiyo yaweza kuonekana kwa uwazi zaidi katika mfano usiotoka katika kitabu. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa inatoka Bukoba, na mamia ya watu wakafa; wengi walizikwa Igoma. Na ichukuliwe kuwa mwandishi wa Ilemela, aliyekulia Kirumba karibu na soko la Mwaloni ambako dagaa wa ziwa hupakiwa kwenda mbali, anaandika riwaya ambamo ziwa hupasuliwa kama tumbo la Shing'weng'we na abiria wa siku ile hutoka wakiwa na umri ule ule, wakiuliza njia ya nyumbani. Watoto wao wamewazidi umri. Wake zao wameolewa. Mmoja hutoka na sikio lililokatwa. Mwamuzi mmoja angesema kuwa kitabu hicho chakimbia ukweli, na kwamba lililo wajibu ni riwaya itakayoeleza wingi wa abiria, uzito wa mizigo na hali ya chombo. Riwaya hiyo ya pili yahitajiwa sana. Lakini ile ya kwanza pia haikimbii. Yauliza jambo ambalo taarifa yoyote ya uchunguzi haiwezi kuliuliza: walio hai wangefanya nini, ikiwa waliomezwa wangerudi kudai nafasi zao? Kamati isiyoweza kuitofautisha haja hiyo na mzaha yaweza kukirudisha kitabu hicho kwa mwenyewe, na hasara hiyo haingeonekana na mtu yeyote.

Baada ya hayo, swali la zawadi ya peke yake laweza kujibiwa. Wanaoitaka wana hoja mbili zenye nguvu. Kwanza, waamuzi waliozoea aina moja huijua sheria yake na hawaishangai. Pili, kama mashindano ya 1957/58 yalivyoonyesha, zawadi huwaita waandishi ambao hawakujua kuwa wanaitwa.

Hata hivyo hoja zinazopinga ni nzito zaidi kwa sasa. Vitabu vilivyotajwa hapa, tangu Nagona hadi Bina-Adamu!, ni sita katika muda wa miaka kumi na mitatu. Hata kama orodha ingeongezwa mara mbili, zawadi ya kila mwaka ingelazimika miaka mingine kuvika pete chanda chochote kilicho karibu, na zawadi iliyotolewa kwa kukosa mshindani huidhalilisha kazi inayoheshimiwa. Tena, kukitenga chumba cha maajabu kungemaanisha kuwa vyumba vilivyobaki havina haja ya kuyapokea. Waamuzi wa riwaya «za kweli» wangepata ruhusa ya kutosoma. Kusadikika ingehesabiwa wapi? Kuiweka pamoja na hadithi za majini kungewachekesha wanafunzi wake wote, na kuiondoa huko kungekuwa kukiri kuwa ukuta wenyewe hauna msingi. Margaret Atwood, mshindi wa kwanza wa Clarke, amekuwa akisita kuiita riwaya yake ya kisayansi. Hata pale ukuta ulipojengwa mapema, wenye nyumba bado wabishana juu yake.

Linalohitajiwa ni mambo matatu madogo, na yote yaweza kufanywa pasipo kuanzisha chama kipya. La kwanza ni kurasa. Hadithi fupi za ajabu zimekuwa zikiishi katika magazeti ya mfululizo na ya vichekesho, mbali na macho ya wahakiki. Majarida ya fasihi yazitafutie nafasi ya kudumu, kwa kuwa hakuna mtu aliyeanza kwa riwaya ya kurasa mia tatu. La pili ni mwamuzi. Kila kamati ya riwaya iwe na mtu mmoja aliyefanya kazi katika fasihi simulizi, ajuaye kuwa Shing'weng'we si pambo la watoto. La tatu ni taarifa. Baada ya kila mwaka waamuzi waandike kurasa chache kueleza kwa nini kazi fulani imeshinda na, bila kutaja majina, ni makosa gani yaliyoziangusha nyingine. Mwandishi aliyeshindwa hupata faida zaidi katika taarifa ya namna hiyo kuliko katika orodha ya washindi, na mtafiti wa miaka hamsini ijayo ataweza kujua kipimo kilikuwa kipi. Mashindano mengi yamepita yakaacha majina na fedha tu, pasipo sababu.

Kitereza aliungoja mswada wake kwa miaka 35, kutoka Kikerewe cha 1945 hadi Kiswahili cha 1980. Mswada wake ulikuwa wa mambo ya kweli, yanayoonekana na kupimika, na bado ulikawia. Mswada wa ajabu kutoka ufuo ule ule una kizuizi kimoja zaidi: yamkini msomaji wake wa kwanza mezani ataushuku kabla ya kuufungua. Zawadi zilizopo zaweza kukiondoa kizuizi hicho ikiwa waamuzi wake watakubali kuuliza, mbele ya kila ajabu, sheria yake ni ipi, lugha yake imeumba nini, na haja yake iko wapi. Mswada utakaoyajibu maswali hayo na ushindane na riwaya zote, kwa pete ile ile.